Jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa: shughulikia baba akiwa hai

Huku kwetu Kenya, kuanzia Busia hadi Nakuru, swali "huyu mtoto ni wa nani?" mara nyingi huulizwa matangani, wakati yule ambaye angelijibu amelala kwenye jeneza. Fanyeni kazi hii ya kumwandikisha baba mapema, mkiwa bado mnasikizana.

1. Anza na ndoa. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjwa na mama hajaolewa tena, sheria inamhesabu kuwa wa mume. Bebeni cheti cha ndoa kwa msajili, basi.

2. Hamjaoana? Sajilini pamoja ndani ya miezi 6. Karatasi ya taarifa ya kuzaliwa hutolewa hospitalini, au na naibu wa chifu ikiwa mama alijifungulia nyumbani. Makosa mengi huingia hapa. Mama bado amechoka, anaulizwa jina la baba, anataja lile analomwita kila siku. Shika kitambulisho cha baba mkononi, ulinganishe herufi kwa herufi. "Barasa" kwenye kitambulisho na "Baraza" kwenye cheti ni watu wawili mbele ya karani, na mtoto ndiye atakayehangaika siku ya kuomba kitambulisho chake.

Zamani, mama asiyeolewa hakuweza kumwandikisha baba ila waombe wote wawili. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 12 cha sheria ya usajili wa vizazi na vifo, kinakiuka Katiba. Usilichukulie hilo kuwa ruhusa ya kutaja jina lolote. Baba asipokubali, utahitaji ushahidi.

3. Baba akikana, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Atawaita wote wawili. Mkikubaliana, yaandikwe na kutiwa sahihi: karatasi ambayo baba amekiri mtoto na kuahidi matunzo ni ushahidi hata miaka 10 baadaye.

4. Akikataa kabisa, fungua kesi katika Mahakama ya Watoto na uombe amri ya kipimo cha DNA. Usiende mikono mitupu. Hakimu hamlazimishi mtu kutoa sampuli kwa sababu tu ametajwa. Anataka kuona msingi. Chapisha taarifa ya M-Pesa ya miezi ya ujauzito, jumbe za simu zikiwa na tarehe, picha, na kijitabu cha kliniki. Asiye na uwezo wa wakili aulize FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu.

5. Kipimo chenyewe. Kijiti chenye pamba hupanguswa ndani ya shavu. Msile wala kunywa kitu, na mtoto asinyonye, kwa nusu saa kabla. Vitambulisho vikaguliwe, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi mbele yenu. Nywele au mswaki uliochukuliwa kwa siri hautakusaidia kortini, maana hakuna anayeweza kuapa ni vya nani. Na kama kuna uwezekano kwamba baba ni ndugu wa huyo anayepimwa, sema kabla ya kipimo. Ndugu hushiriki vinasaba vingi, hivyo mtaalamu atahitaji kupima sehemu zaidi za DNA.

Baba amefariki? Kimbilia mahakamani kabla ya mazishi, uombe amri ya kuchukua sampuli mochari. Akishazikwa, itabaki kupima wazazi au ndugu zake, au kuomba kufukua kaburi. Njia hiyo ni ndefu na inaumiza familia nzima.

Kwa nini ujisumbue? Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa wa malezi, wawe wameoana au la. Sheria ya urithi humtambua hata mtoto ambaye marehemu alimkubali kuwa wake au kujitwika malezi yake ya kudumu, kwa hivyo hifadhi risiti za karo alizolipa. Tena kuna afya: selimundu (sickle cell) imeenea sana Nyanza na Magharibi, na mtoto hurithi jeni yake kutoka kwa wazazi wote wawili.

6. Usiishie kwenye hukumu. Wengi hufurahi, wakaiweka amri kabatini, na cheti kikabaki vilevile. Chukua nakala iliyothibitishwa na mahakama, uipeleke kwa msajili wa vizazi pamoja na cheti cha zamani. Ukipewa kipya, kisome chote hapohapo dirishani kabla ya kuondoka.