Kuimba wimbo wa mtu hadi uikute sauti yako ndani yake

Niliimba nyimbo za watu kwa miaka kadhaa kabla sijathubutu kutunga wa kwangu, na hadi leo sipandi jukwaani bila kuwa na mbili tatu ambazo si zangu. Wengi huziita kava. Hivi ndivyo ninavyoziandaa.

Hatua ya 1: Tafuta mahali wimbo ulipokushika

Usianze na gitaa wala na maneno. Usikilize wimbo mara moja, kalamu mkononi, na uandike pale tu mwili uliposisimka. Jibu la "naupenda kwa sababu ni mzuri" halikusaidii kitu. Kuna wimbo mmoja niliodhani naupendea kiitikio chake, kumbe kilichonishika ni kimya kifupi kabla ya kiitikio, pale vyombo vyote vinaponyamaza. Nilipoelewa hivyo niliacha ngoma na kinanda bila kusita, nikakilinda kimya kile. Ukishajua kilichokugusa, utajua pia unachoweza kukiacha.

Hatua ya 2: Uliza nani anasema, na anamwambia nani

Hatua hii huwachukua wanafunzi wangu muda mrefu kuliko nyingine zote, na sioni sababu ya kuwaharakisha.

Chukua "Malaika". Anayesema ni kijana asiye na mali, na kwa sababu hiyo hawezi kumwoa ampendaye. Kiswahili hapa hakina mwanya: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, alipouimba aliliacha neno "ningekuoa" kama lilivyo, na mimi humsikia kama msimulizi aliyebeba kilio cha kijana yule. Mwimbaji wa kike anaweza kushawishika kusema "ningeolewa". Mizani inakubali, maana maneno yote mawili yana silabi tano. Kisa ndicho kinachokataa. Ukosefu wa mali unamuumiza yule anayetakiwa kutoa mahari. Ukibadilisha neno moja, mstari wa mali unabaki hauna mwenyewe. Basi ama uache maneno yalivyo na usimulie, ama ukubali kwamba una kazi ya kuujenga upya ubeti mzima.

Wapo waliofanya kazi hiyo ya pili wakafaulu. Otis Redding, mwimbaji wa Marekani, alirekodi wimbo wake "Respect" mwaka 1965 kama mwanamume anayedai heshima arudipo nyumbani. Mwaka 1967 mwimbaji mwenzake Aretha Franklin alimpa mwanamke dai hilo, akaongeza sehemu ya kulitaja neno herufi kwa herufi, ambayo haikuwamo kwa Otis. Hakubadilisha viwakilishi tu. Mwanamke wake ana sababu zake mwenyewe za kudai.

Hatua ya 3: Andika maneno kwa mkono

Usichapishe. Mkono ukiandika, unagundua mistari uliyokuwa ukiiimba bila kuielewa. Weka alama ndogo kila mahali utakapovuta pumzi, na usikate neno katikati.

Hatua ya 4: Chagua kii ya koo lako

Kii, yaani noti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake, katika rekodi ya kwanza ilichaguliwa kwa ajili ya koo la mtu mwingine. Tafuta noti ya juu kabisa na ya chini kabisa katika wimbo, kisha uimbe mstari ule wa juu mara tatu mfululizo, umesimama, baada ya nusu saa ya mazoezi. Ukianza kukaza shingo, shusha. Kutoka C kwenda A ni nusu toni tatu, na mara nyingi hiyo inatosha. Ila rudi ukague noti ya chini, isije ikamezwa na vyombo.

Wapiga gitaa wakumbuke kwamba kapo, kile kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa, hupandisha tu. Ukitaka A, piga mikao ya vidole ya kii ya G huku kapo ikiwa kwenye freti ya 2.

Hatua ya 5: Vua vyombo vyote, kisha badilisha kitu kimoja

Imba wimbo mzima kwa sauti tupu. Dolly Parton, mwimbaji wa Marekani, alitunga "I Will Always Love You" kumuaga Porter Wagoner, aliyekuwa akifanya naye kazi katika kipindi cha televisheni, akautoa mwaka 1974. Mwaka 1992 Whitney Houston aliuanza bila chombo chochote, na kwaheri ya kazini ikasikika kama kwaheri ya wapenzi. Sauti tupu ndiyo itakayokuonyesha kama una la kusema.

Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu. Mimi huanza na mwendo. Ukiushusha kutoka mapigo 120 kwa dakika hadi 80, mstari wa mapigo 8 uliochukua sekunde 4 utachukua 6, kwa hiyo zile alama zako za pumzi zipange upya.

Hatua ya 6: Acha kusikiliza rekodi ya kwanza

Wiki nzima, hata kidogo. Vionjo vya mwimbaji wa kwanza vinafifia, na vitakavyobaki ni vile ulivyovikubali kweli.

Hatua ya 7: Mpe mtunzi haki yake

Utunzi una haki yake na rekodi ina yake. Kwa kuimba jukwaani, nchi nyingi humtaka mwenye ukumbi alipie kupitia chama cha hakimiliki, muulize. Ukitaka kurekodi utahitaji leseni ya utunzi, na ukitaka kutafsiri au kubadilisha maneno, omba ruhusa ya mwenye utunzi. Jukwaani, taja jina la mtunzi kwa sentensi moja kabla ya kuanza. Asiwe mwimbaji aliyeuvumisha tu.

Hatua ya 8: Sikiliza unapopotea

Rekodi maonyesho yako kwa simu. Kuna wimbo ambao kila mara nilitoka nje ya mahadhi palepale, katika ubeti wa pili. Mwishowe niliacha kujisahihisha, nikakikata kipande kile, nikakilinganisha na wimbo wenyewe hadi nikaridhika kwamba hakikuwa chake. Miezi michache baadaye nilikiwekea maneno, na sasa ndicho kiitikio cha wimbo ninaofungulia maonyesho yangu.