Jinsi ya Kulisoma Jina la Kihungaria Béla na Kumtambua Anayetajwa

Mpenzi wa historia ya kandanda hukutana na Béla Guttmann, mpenzi wa muziki hukutana na Béla Bartók, mtazamaji wa sinema za zamani humjua Béla Lugosi, na anayefungua orodha ya wafalme wa Hungaria hukuta akina Béla wanne. Jina hili la kiume lina herufi nne tu, na lenyewe halisemi mengi kuhusu aliyepewa. Kinachomtambulisha ni vitu vidogo vilivyolizunguka: namba iliyotangulia, mahali lilipokaa jina la ukoo, kiambishi kilichobandikwa mwishoni na mwaka wa maandishi. Anayejua kuvisoma vitu hivyo hatahitaji kukijua Kihungaria ili aelewe ni Béla yupi anayezungumziwa.

Litamke kwanza

Silabi ya kwanza ina é yenye alama, ambayo ni ndefu. Irefushe kama irabu ya mwisho ya neno «pekee», huku midomo ikivutwa pembeni kidogo kana kwamba unaelekea kusema i. Alama hiyo haionyeshi mkazo bali urefu wa sauti. Mkazo wa Kihungaria huwa siku zote kwenye silabi ya kwanza, iwe ina alama au haina. Kwa bahati njema Béla lina silabi mbili, hivyo mazoea yetu ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho hayatupotoshi hapa, ingawa yatatupotosha mara tu tunapofika kwenye Lugosi, ambalo hukazwa kwenye Lu. Herufi a ya mwisho ndiyo ngumu zaidi kwa msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa hutamkwa midomo ikiwa imeviringwa, na sauti yake huangukia kati ya a yetu na o yetu.

Ukiandika kwa simu, bonyeza herufi e kwa muda na é itajitokeza. Unapotafuta habari, tafuta kwa tahajia zote mbili, Béla na Bela, kwa sababu magazeti na rejista za nje ya Hungaria ziliiacha alama hiyo mara nyingi. Kocha Guttmann, kwa mfano, hupatikana pia akiwa amepoteza alama ya jina na n moja ya ukoo wake.

Angalia jina la ukoo limekaa wapi

Wahungaria hutanguliza jina la ukoo. Nyumbani kwao mtunzi yule ni Bartók Béla, na barabara kubwa ya Budapest iliyopewa jina lake huitwa Bartók Béla út. Katika lugha nyingine mpangilio hugeuzwa. Kwa kuwa Béla kwa kawaida ni jina la kupewa, mahali lilipo panakuonyesha mara moja mwandishi amefuata mpangilio gani, na ukishalijua hilo unaweza kusoma kwa usahihi hata majina mengine yaliyomo katika maandishi yaleyale. Hii ndiyo faida kubwa ya kulizoea jina moja vizuri.

Mtego upo pale ambapo jina la ukoo nalo linafanana na jina la kupewa. Balázs ni jina ambalo mvulana yeyote wa Hungaria anaweza kupewa, lakini Balázs Béla, aliyezaliwa Szeged mwaka 1884 kwa jina la Herbert Bauer, ni mtu ambaye ukoo wake wa kujichagulia ulikuwa Balázs. Aliandika maneno ya opera pekee ya Bartók, ile inayohusu ngome ya Bwana Ndevu za Buluu, kwa hiyo akina Béla wawili hukaa katika ukurasa mmoja wa programu ya onyesho na kuwachanganya wasomaji. Vivyo hivyo Miklós ni jina la kupewa, lakini jenerali aliyeongoza serikali ya muda iliyoundwa Debrecen mwezi Desemba 1944 huandikwa dálnoki Miklós Béla. Neno dálnoki, lenye herufi ndogo mwanzoni, maana yake ni «wa Dálnok», na ni alama ya familia yenye cheo cha kale. Kiishio hichohicho -i ndicho kilichompa Lugosi jina lake la jukwaani: alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Lugos, ambao leo uko Romania na huitwa Lugoj, na ukoo wake halisi ulikuwa Blaskó. Herufi s ya Kihungaria husomwa sh, hivyo mchezaji huyo aliyeigiza Drakula katika filamu ya 1931 ni Lugoshi kwa wenzake wa kwao.

Chunguza kilichobandikwa mwishoni

Kihungaria, kama Kiswahili, hujenga maneno kwa viambishi, ila huvipanga nyuma ya neno. Jina Béla linapopokea kiambishi, a yake ya mwisho kwa kawaida hugeuka kuwa á, ambayo hutamkwa waziwazi kama aa ya neno «saa». Kwa hiyo Bélát ni Béla anayetendwa jambo, Bélának ni kwa Béla au cha Béla, na Bélával ni pamoja na Béla. Hawa si watu watatu. Nimewahi kuona orodha ya majina iliyonakiliwa kutoka kwenye barua za zamani ambamo Bélának alipewa mstari wake peke yake kana kwamba ni ndugu wa yule wa juu.

Kiambishi cha kuangaliwa zaidi, kwa kuwa humbadilisha mtu, ni -né, chenye maana ya «mke wa». Ukikuta Bartók Béláné, anayetajwa ni mwanamke, na jina lake la kuzaliwa halionekani kabisa. Hapo huna budi kuutazama mwaka, kwa sababu Bartók alimwoa Márta Ziegler mwaka 1909, wakaachana mwaka 1923, na mwaka huohuo akamwoa Ditta Pásztory; wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa Bartók Béláné. Usitegemee kiwakilishi kikusaidie. Kihungaria hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, kama vile «yeye» yetu isivyotofautisha, na hili ni jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hulizoea haraka kuliko msomaji wa lugha nyingi za Ulaya.

Familia hiyohiyo inafundisha vifupisho viwili vinavyotangulia jina. Baba wa mtunzi, aliyefariki mwaka 1888, aliitwa Béla Bartók, na mtoto wa kwanza wa mtunzi, aliyezaliwa mwaka 1910 na kuwa mhandisi wa reli, naye aliitwa Béla Bartók. Kifupisho id. humaanisha mkubwa na ifj. humaanisha mdogo, lakini ni mkubwa na mdogo kati ya wale wawili wanaolinganishwa wakati huo. Mtu mmoja huweza kuanza maisha akiwa ifj. na kuyamaliza akiwa id. Ukikiona pia kifupisho özv. mbele ya jina lenye -né, huyo ni mjane.

Wafalme: namba huja mbele

Katika Kihungaria namba ya mfalme huandikwa kabla ya jina na kufuatiwa na nukta: IV. Béla. Nukta hiyo haimalizi sentensi. Hufanya kazi ya «wa» katika «Béla wa Nne». Katika Kiswahili ni vyema kuandika Béla IV au Béla wa Nne na kuiacha nukta hukohuko.

Béla wa Kwanza alitawala kuanzia 1060 hadi 1063, na kifo chake kilitokana na kuporomoka kwa kiti chake cha enzi huko Dömös. Béla wa Pili, aliyetawala 1131 hadi 1141, mara nyingi hutajwa bila namba, kwa lakabu ya Vak Béla, yaani Béla Kipofu: alipokuwa mtoto alitobolewa macho pamoja na baba yake Álmos kwa amri ya mfalme Kálmán, ndugu wa Álmos. Béla wa Tatu, aliyetawala 1172 hadi 1196, alilelewa katika ikulu ya mfalme mkuu Manuel wa Bizanti, na huko aliitwa Alexios. Anayesoma vyanzo vya Kigiriki asishangae kumkosa Béla. Kaburi lake liligunduliwa Székesfehérvár mwaka 1848, na mifupa yake sasa iko katika Kanisa la Matthias, Buda, ambayo leo ni sehemu ya Budapest.

Béla wa Nne ndiye atakayekusumbua zaidi kwa sababu ametajwa kila mahali. Alirithi ufalme mwaka 1235, akashindwa vibaya na Wamongolia huko Mohi mwezi Aprili 1241, akakimbilia pwani ya Dalmatia, na baada ya Wamongolia kuondoka mwaka 1242 akarudi kujenga ngome za mawe, ikiwemo ile ya Buda. Wahungaria humwita mwasisi wa pili wa nchi yao. Ukikuta Béla katika habari yoyote ya uvamizi wa Wamongolia, au kama baba wa Mtakatifu Margit, ambaye kisiwa kilicho katikati ya Budapest kina jina lake, ni huyu.

Tahadhari moja inahitajika kwa maandishi ya zama hizo zenyewe: namba za wafalme hazikuwemo. Mfano maarufu ni mwandishi wa Gesta Hungarorum, historia ya Kilatini ya kuja kwa Wahungaria, ambaye alificha jina lake na kujieleza tu kuwa alikuwa karani wa mfalme Béla wa kumbukumbu njema. Béla yupi? Hakusema, na wanazuoni wamebishana kwa muda mrefu. Wengi leo wanamkubali wa Tatu. Katika nyaraka za Kilatini utamwona mfalme kama Bela au Bele kutegemea sarufi ya sentensi.

Asili ya jina pia ina ubishi. Wapo wanaolihusisha na neno la Kislavi la weupe, wapo wanaolihusisha na neno la Kihungaria bél, yaani sehemu ya ndani, na wapo wanaotazama lugha za Kituruki. Kwa kazi ya kumtambua mtu, la muhimu zaidi ni kwamba Kanisa halikuwa na mtakatifu wa jina hili, hivyo lililinganishwa na Adalbert, na siku yake ya jina, yaani siku ya mwaka ambayo wenye jina hilo husherehekea, ni tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu Adalbert. Ndiyo maana mtu aliye Béla katika kumbukumbu za Kihungaria huweza kuwa Adalbert katika za Kijerumani na Vojtech katika za Kislovakia.

Wa nyakati zetu: tumia mwaka na kazi

Jina lilififia baada ya wafalme na kufufuliwa katika karne ya 19, wakati Wahungaria walipoyarudia majina ya mababu. Matokeo yake ni kwamba akina Béla mashuhuri wamerundikana katika kizazi kimoja: daktari Béla Schick, mwenye kipimo cha dondakoo, alizaliwa 1877, Bartók 1881, Lugosi 1882, Balázs 1884, Kun 1886, Guttmann 1899. Karne pekee haitoshi kuwatenganisha. Kazi ndiyo inayotosha.

Béla Kun aliongoza jamhuri ya kikomunisti iliyodumu siku 133 mwaka 1919, kisha akauawa katika Umoja wa Kisovieti wa Stalin. Neno kun kwa Kihungaria ni Mkumani, kabila la wapanda farasi lililopokewa nchini na Béla wa Nne, hivyo anayetafuta «Béla» na «kun» pamoja hupata karne ya 13 na ya 20 katika kapu moja. Guttmann aliifundisha Benfica ya Ureno, akampa nafasi kijana Eusébio aliyetoka Lourenço Marques, Maputo ya leo, na kutwaa Kombe la Ulaya mara mbili, mwaka 1961 dhidi ya Barcelona na mwaka 1962 dhidi ya Real Madrid kwa mabao 5 kwa 3. Kocha mwingine, Béla Károlyi, alikuwa wa mazoezi ya viungo, si wa kandanda. Alizaliwa mwaka 1942 Kolozsvár, mji ambao leo uko Romania na huitwa Cluj-Napoca, na Marekani aliandikwa bila alama yoyote.

Mwisho kuna Béla asiye Mhungaria. Béla Fleck, mpiga banjo aliyezaliwa New York mwaka 1958, alipewa jina hilo kwa heshima ya Bartók, na mwaka 2005 alisafiri hadi Uganda na Tanzania, ambako alipiga muziki pamoja na Anania Ngoliga, mwanamuziki wa Tanzania. Kumtambua ni rahisi hata ndani ya gazeti la Budapest, kwa kuwa Wahungaria huyaacha majina ya wageni katika mpangilio wa lugha za wageni hao: wote waliotajwa hapo juu, kuanzia Guttmann hadi Károlyi, Béla yao itakuja nyuma, na ya Fleck itabaki mbele.