Mlevi: kulichambua neno na kulitumia mahali pake

Anza na umbo lake. Toa m- ya mtu mwanzoni na -i ya mtendaji mwishoni, utabaki na -lev-. Hapo wengi hukwama, kwa kuwa hakuna kitenzi "leva". Kitenzi ni lewa, na w yake hugeuka v inapokutana na -i, kama gawa inavyozaa ugavi. Ndiyo maana "mlewi" ni kosa. Wingi ni walevi. Ukisikia jilevi, jua mtu anatukanwa.

Sasa tafuta maana ya ndani. Kirudie kitenzi mara mbili: lewalewa. Huko ni kuyumba, kuning'inia, kwenda huku na huku kama kuti la mnazi kwenye upepo wa kusi. Lewa peke yake pia hubeba maana ya kizunguzungu. Kwa hiyo pombe haimo ndani ya neno hili. Kilichomo ni mwili usiotulia, na pombe ni sababu mojawapo tu. Hii ndiyo njia iliyo wazi ya kueleza kwa nini tunasema mtu kalewa madaraka au kalewa sifa, naye hajagusa glasi.

Ndugu za neno hili watakusaidia kulishika. Levya ni kumfanya mtu alewe, ndiyo iliyomo katika dawa za kulevya (si "madawa": dawa moja, dawa nyingi). Kileo ni chenye kulewesha, na hapa w imedondoka kabisa. Ulevi ni hali au tabia. Levuka ni kutoka katika ulevi, kwa mnyambuliko uleule wa kutendua ulio katika chomeka na chomoka. Levuka ni neno zuri linalopotea. Siku hizi utasikia zaidi "pombe imemtoka". Unyambuaji wote huu ni wa Kibantu, hakuna herufi iliyotoka Uarabuni.

Kosa kubwa si la tahajia. Ni kuita "mlevi" mtu aliyelewa jana usiku. "Amelewa" inaeleza hali, na hali hupita. "Ni mlevi" inataja tabia, na mtu akishavishwa jina hilo haliondoki kwa kulala. Mombasa uzito wake huonekana wazi wakati wa posa: watu wa mwanamke wanapopita mtaani kuulizia habari za kijana, neno hilo moja laweza kuivunja. Kabla ya kulitamka, jiulize kama unazungumzia usiku mmoja au maisha yake. Kama ni usiku mmoja, tumia kitenzi: "alikuwa amelewa". Kama amezidiwa kabisa, "amelewa chakari".

Mnywaji ni neno jingine. Linatokana na nywa pamoja na -ji ya mazoea, kama mlaji na msemaji, na lataja kitendo bila kuhukumu. Mnywaji wa kahawa tungu hana lawama. Ukisema tu "fulani ni mnywaji", watu wataelewa pombe, lakini hawataelewa kwamba anapepesuka. Kwa maandishi ya heshima, "mnywaji wa pombe" latosha. Chapombe ni la kejeli, liache barazani. Teja usilichanganye kamwe na haya: hapa pwani ni mtumiaji wa unga, na kumwita mnywaji hivyo ni kumsingizia jambo jingine kabisa. Kwa aliyeshindwa kuacha, kiwe kileo au unga, neno la staha ni mraibu.

Mgema naye si mlevi, ingawa huwekwa kapu moja. Yeye hupanda mnazi na kotama yake, kisu kilichopinda, akakata ncha ya karara, ala ya maua ya mnazi, na kukinga utomvu. Utomvu huo ukiwa mbichi ni tembo tamu. Hauchukui saa nyingi kuchacha na kuwa mkali. Msomaji wa bara hujikwaa hapa akidhani tembo ni mnyama. Angalia upatanisho katika methali: "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Hiyo -li- yaonyesha ni kinywaji, angekuwa mnyama ingekuwa "humtia". Watu wa Mvita, yaani Mombasa, wenyewe mnyama humwita ndovu.