Kutazama tamthilia kwenye PS4 kwa bando la simu
Sony ilitoa tamthilia yake, Powers, kupitia mashine zake za gemu za PlayStation (PS4 ni mojawapo) mwaka 2015. Mshindani wake, Microsoft, ilikuwa imeshafunga studio ya vipindi ya Xbox, mashine yake ya gemu. PS4 bado inafaa kutazamia vipindi vya programu nyingine.

Uko Kirumba, Mwanza, na huna intaneti ya waya? Washa hotspoti ya simu (inayogawa intaneti yake kwa waifai), chagua masafa ya GHz 2.4. PS4 ya toleo la kwanza haioni GHz 5 kabisa, watu wakadhani waifai imekufa.

Halafu zima upakuaji wa kiotomatiki kwenye mipangilio. Ukisahau, sasisho moja la gemu litameza bando kabla wimbo wa mwanzo haujaisha! Video ya HD (picha kali) hula takriban GB 3 kwa saa. Umeme ukikatika, ukirudi mashine itakagua diski: iache imalize.