Jinsi ya kusoma matokeo ya Seneti ya Ufilipino: uchaguzi wa Mei 2025

Msomaji wa Kenya, aliyezoea kila kaunti kumchagua seneta wake mmoja, akifungua matokeo ya Seneti ya Ufilipino atatafuta mgawanyo wa majimbo na hatauona. Huko nchi nzima ni jimbo moja la uchaguzi. Seneti ina viti 24, muhula wa seneta ni miaka 6, na kila baada ya miaka 3 viti 12 hugombewa kwa mpigo: mara moja pamoja na uchaguzi wa rais, na mara inayofuata katikati ya muhula wake. Uchaguzi wa tarehe 12 Mei 2025 ulikuwa wa katikati, miaka 3 baada ya Ferdinand Marcos Jr. kushinda urais. Ushauri wangu ni kwamba usianze kwa kuuliza ni chama gani kilichoshinda, kwa sababu vyama vya huko vina mizizi mifupi na swali hilo litakupotosha tangu mwanzo.

Anza na karatasi ya kura. Ilikuwa na majina 66 ya wagombea wa Seneti, na mpiga kura alitakiwa kujaza wino kwenye kiduara kilicho kando ya kila jina alilolitaka, bila kuzidisha 12. Aliyejaza 13 aliharibu kura zake zote za Seneti, ingawa kura yake ya meya kwenye karatasi hiyohiyo ilibaki halali; aliyejaza 3 tu, zote 3 zilihesabiwa. Ndiyo maana ukijumlisha asilimia za wagombea utavuka 100 kwa mbali sana, na hapo hakuna kosa wala wizi. Bong Go, aliyeongoza, alipata kura milioni 27.1, na waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban milioni 57. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya wapiga kura walijaza kiduara chake. Mwandishi mwingine akizigawa kura hizohizo kwa jumla ya viduara vyote vilivyojazwa, atapata asilimia ndogo mno na kumfanya mshindi aonekane dhaifu. Kabla ya kunukuu asilimia yoyote, hakikisha unajua imegawanywa kwa idadi ya watu au kwa idadi ya viduara.

Kisha shuka moja kwa moja hadi nafasi ya 12 na ya 13, maana hapo ndipo mstari unapokatwa. Hakuna duru ya pili wala kiwango cha chini cha kura. Imee Marcos, dada wa rais, aliingia wa 12 kwa kura milioni 13.3, na Ben Tulfo akabaki nje kwa milioni 12.1. Wa kwanza na wa 12 wote hupewa miaka 6 ileile. Hata hivyo usiudharau mpangilio wa juu. Bam Aquino, ambaye mwaka 2019 alishindwa pamoja na upinzani wote bila kupata hata kiti kimoja, safari hii alishika nafasi ya pili kwa karibu kura milioni 21, juu kuliko kura za maoni zilivyokuwa zimemweka. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo habari kubwa zaidi ya uchaguzi ule.

Sehemu ngumu ni kuwapanga washindi kwa kambi. Rais alianza na orodha yake ya watu 12, lakini Imee Marcos alijitoa mwezi Machi, baada ya rais wa zamani, Rodrigo Duterte, kukamatwa na kupelekwa The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Camille Villar alibaki kwenye orodha ya rais huku akiungwa mkono pia na makamu wa rais, Sara Duterte, binti wa Rodrigo. Basi ukisoma mahali pamoja kwamba kambi ya rais ilipata viti 6 na pengine kwamba ilipata 5, tofauti ni Villar tu. Go, Ronald dela Rosa na Rodante Marcoleta ni watu wa Duterte waziwazi, ilhali Aquino na Francis Pangilinan hawakuwa wa rais wala wa Duterte. Chora jedwali lenye safu ya kila kambi, na ukubali jina moja kukaa katika safu mbili.

Usisahau maseneta 12 waliochaguliwa mwaka 2022, ambao hawakugombea viti vyao mwaka 2025. Ukiwaweka kando ya wapya utaona jambo ambalo hesabu ya vyama haiwezi kukuonyesha: Raffy na Erwin Tulfo ni ndugu, Mark na Camille Villar ni ndugu, Alan Peter na Pia Cayetano ni ndugu, na JV Ejercito na Jinggoy Estrada ni watoto wa baba mmoja.

Kuhusu chanzo cha takwimu, tumia zile ambazo tume ya uchaguzi, COMELEC, ilizitumia kuwatangaza washindi tarehe 17 Mei. Usiku wa uchaguzi baadhi ya matokeo yaliyofika kwenye vyombo vya habari yalijirudia, na ikabidi jumla zipunguzwe.

Mwisho, pima jedwali lako kwa kura iliyopigwa ndani ya Seneti yenyewe. Sara Duterte alishtakiwa na Baraza la Wawakilishi tarehe 5 Februari 2025, na ili Seneti imtie hatiani zilihitajika kura 16 kati ya 24. Kwa hiyo watu 9 walitosha kumwokoa. Mahakama ya Juu ilibatilisha mashtaka hayo tarehe 25 Julai, na tarehe 6 Agosti Seneti ikaamua kuyaweka kando kwa kura 19, wanne wakapinga na mmoja hakuegemea upande wowote. Wengi walisema wanaitii mahakama. Lakini tazama waliotoka kwenye orodha ya rais: Erwin Tulfo, Lito Lapid, Pia Cayetano na Villar walikuwa miongoni mwa wale 19, Tito Sotto alipinga, na Panfilo Lacson ndiye ambaye hakuegemea upande. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 8 Septemba, Seneti hiyohiyo ilimfanya Sotto kuwa rais wake.