Inivesite na kartie: namna ya kutumika pamoja bila kukosana

Kama uko ku fakilte na unataka kufanya proze na batu ya kartie, usianzie ku kompita, anza na miguu. Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, tuseme kartie ya Funu, kule komini ya Kadutu: ile mulima inateremuka polepole, kuko fasi inasogea metre nzima kwa mwaka, na nyumba zinazidi tu kujengwa juu yake. Banajeolojia banaipimaka na satelite, lakini mama mwenye kulala pale alijua kitambo. Nilionaka mama moja, ku ukuta wake alipiga mustari na makala pale ufa unaishia, pembeni akaandika tarehe, kila kisha mvula kubwa mustari mupya. Nilihesabu saba. Ile njo data, ndugu zangu.

Kwa hiyo enda mbele ya kuandika proze, si nyuma. Shefu wa avenyu umupigie hodi, ni heshima, lakini usiishie kwake juu atakuitia batu yake tu. Siku ya salongo, ile kazi ya batu bote ya kusafisha kartie, njo muzuri: kamata jembe, muzibule mufereji pamoja, kisha uliza, hapa munaogopa nini? Wakisema shida ni mayi ya kunywa, badilisha swali yako.

Mukisha sikilizana muandike ukurasa moja kwa Kiswahili: nani atapima, atalipwa ngapi, hesabu zitabaki kwa nani. Kupima mvula si ngumu, chupa ya plastiki iliyokatwa, rula na kaye, ila mvula yetu inaanzaka Septemba mpaka Mei, na kuamuka kila asubui miezi yote ile ni kazi, mulipe mutu.

Fasi kunaharibikaka sana ni kurudisha majibu. Mwanafunzi anamaliza memware, kile kitabu ya mwisho wa masomo, anapata diplome, anapotea, mwaka unaofuata mwingine anafika na maulizo ile ile. Kwetu ilifanyika mara tatu, ya ine muzee moja akafunga mulango, na alikuwa na haki. Muchague asistanti wa kubaki, namba yake batu bakuwe nayo, na majibu yasomwe ku kartie, ku sale ya kanisa ao ku masomo, mbele ya kuipeleka kwa ba profesa. Hata ikiwa mbaya. Ila ile ya mbaya usiende kuisema peke yako, enda na batu ya komini, juu kumuambia mutu nyumba yako itaenda bila kumuonesha fasi ya kukimbilia ni kumuachia woga tu.

Ule mama wa mistari ya makala, batu ya inivesite walipomuonesha ramani ya ule mulima, aliangalia sana, akasema hapana, ufa wangu uko upande wa choo. Bakaenda kuangalia, bakasahihisha ramani.