Bustani ya nyumbani mwezi Agosti: kiangazi kikiisha, mvua ikikaribia

Kusini mwa Uganda, kuanzia Masaka hadi Jinja, mvua ya pili hukolea kati ya Septemba na Novemba. Agosti basi ni mwezi wa kuamua kipi kibaki bustanini na kipi kitoke. Wa Gulu na Karamoja, kaskazini, wana msimu mmoja mrefu wa mvua, kwa hiyo kalenda hii si yao.

Anza kwa kung'oa. Nakati (mboga ya majani ya ukoo wa bilinganya) iliyokwisha kuchanua na dodo (mchicha) iliyokomaa mbegu zinakunywa maji ya bure. Bakiza mashina mawili matatu yenye afya kwa ajili ya mbegu, mengine yaende kwenye mboji. Sukumawiki usiing'oe hata ikionekana imechoka: vunja majani ya chini yaliyogeuka manjano, weka koleo moja la samadi iliyooza kila shina, mwagilia, nayo itachipua tena.

Maji ndiyo kazi kubwa. Tuta la mita 1 kwa 3 hupoteza karibu lita 15 kwa siku ya jua kali. Afadhali umwage jerikani moja na nusu ya lita 20 siku moja ndiyo, siku moja hapana, asubuhi kabla ya saa mbili, kuliko kunyunyiza kidogo kila jioni. Maji ya kunyunyiza huishia sentimita mbili za juu, mizizi nayo hubaki hapo hapo. Siku mfereji ukikauka, mboga zote zinalala. Hakikisha kwa kuchimba kidogo na ncha ya panga: udongo uwe na unyevu kufikia kina cha kiganja. Kisha tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kugusa mashina, maana mchwa hupenda nyasi kavu na wakizimaliza huhamia kwenye shina.

Nyanya zenye matunda zinahitaji lita 2 hadi 3 kwa mche, siku moja ndiyo, moja hapana, bila kuruka. Ukiuacha mche ukauke wiki nzima kisha ukamwaga maji mengi kwa mpigo, matunda hupasuka. Kitako cha tunda cheusi kilichobonyea nacho wengi hukipulizia dawa ya ukungu, pesa ikapotea: hapo kalsiamu haikufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikuja na kukatika.

Majani ya nyanya yakiwa na vidoa vidogo vya manjano, geuza jani juani. Vumbi jekundu linalotembea, na utando mwembamba kama wa buibui, ni utitiri, ambaye hustawi kwenye joto na vumbi. Osha upande wa chini wa majani kwa maji, kisha jioni nyunyiza sabuni ya maji, vijiko viwili vya chai kwa lita 1. Rudia baada ya siku tano, kwani mayai hayafi mara ya kwanza.

Kitalu kisiwe nyuma. Miche ya nyanya na sukumawiki huchukua wiki nne hadi tano, kwa hiyo mbegu ya katikati ya Agosti huhamishwa katikati ya Septemba. Chora mistari ya kina cha sentimita 1, iachane sentimita 10, panda mbegu chache chache, funika kwa nyasi. Zikianza kuchomoza, ondoa nyasi siku hiyo hiyo. Ukichelewa unapata miche mirefu, myembamba, isiyojisimamia. Miche iliyosongamana na kulowa kila saa huoza shingo na kuanguka.

Nyanya mpya zisiende palipokuwa na nyanya, bilinganya, pilipili, entula (nyanya chungu) wala nakati. Zote ni ukoo mmoja na zinaambukizana mnyauko wa bakteria. Mche ukinyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, kata kipande cha shina la chini na ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka baada ya dakika chache, ndio wenyewe. Hauna dawa: ng'oa, choma, na pale panda maharage, mahindi au vitunguu.

Mvua ya kwanza isikudanganye. Hamisha miche udongo ukishalowa sentimita 15 hivi, jioni, nyanya kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 45.

Migombani, kila shina bakiza mama (mgomba mkubwa), mtoto (chipukizi lake) na mjukuu (chipukizi changa zaidi), na matandazo yakae sentimita 30 au zaidi kutoka shinani ili fukusi wasijifiche. Ua jekundu la mwisho wa mkungu livunje kwa kijiti chenye panda mara chane la mwisho likishatoka, usilikate kwa kisu: mnyauko wa migomba, ulioripotiwa Mukono mwaka 2001, husafiri kwa wadudu wanaotembelea ua hilo na kwa visu vichafu. Panga ulilotumia kwenye shina moja lichome motoni mpaka lipate moto kweli, au lisafishe kwa klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji, kabla hujagusa shina jingine.